Nondo Mbele ya Uso

Jamaa aliiweka chapeo yake juu ya meza yangu ya kazi, akaigeuza iniangalie, akasema anataka nimzibie mbele.

"Mbele wapi?"

Akapitisha kiganja kuanzia chini ya macho mpaka kidevuni. "Hapa pote."

Ilikuwa chapeo ya mtindo wa Skandinavia ya karne ya 10: bakuli la chuma, ukanda uliozunguka paji la uso, na kinga ya macho iliyofuliwa kwa umbo la miwani. Chini ya hiyo miwani hapakuwa na kitu. Ncha ya pua, mashavu, mdomo, meno, koo, vyote nje vinapunga upepo.

Nilikuwa na kipande cha mti wa duara, unene wake inchi 1. Nikakipeleka kwenye tundu la jicho. Kikapita hadi ndani bila kugusa ukingo.

Jamaa akacheka. Nikamwambia aniachie, nitampigia simu.

Wiki zikapita. Chapeo ikakaa rafuni, na kila nikiwasha mashine macho yangu yanakwenda kule.

Ugumu haukuwa wa mkono

Wanaonisoma siku zote wanajua ninakoishi na ninachofanya: mimi ni fundi wa kuchomelea chuma, niko Uingereza. Niongeze tu kwamba huku Yorkshire kuna watu wengi kuliko mnavyodhani ambao Jumatatu hadi Ijumaa ni walimu, wauguzi na madereva wa malori, na ikifika Jumamosi ni mashujaa wa mwaka 950. Wana mahema yao, vyungu vyao, na vita vyao vya kuigiza vyenye ratiba. Mmoja aliniona namchomelea jirani geti, akaniletea kitovu cha ngao kilichopasuka. Tangu hapo sijakosa wateja wa karne zilizopita.

Kwa mkono, kazi ya yule jamaa ilikuwa ya jioni moja. Unakata nondo nyembamba, unazikunja zifuate taya, unazifunga kwenye fremu, na fremu unaishikiza kwenye ukingo wa chapeo. Mimi ufundi nimeanzia Mwanakwerekwe, Zanzibar, kwenye grili za madirisha. Nimekunja nondo za maua, za nyota, za mwezi, hata moja yenye herufi za jina la bwana harusi. Taya la mtu lingenishinda nini?

Kilichonizuia ni kwamba sikujua nazuia nini.

Nikampigia fundi wangu wa zamani. Siku hizi ni mzee, mikono imechoka, ila kichwa bado kinakata.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwanangu. Baridi haijakumaliza?"

Nikamweleza habari yote. Akanyamaza, kisha akauliza kama hao ni watu wazima. Nikamwambia ni watu wazima, wengine wana wajukuu. Akaguna.

"Grili ya duka na grili ya chumba cha watoto si grili moja," akasema. "Ya duka unazuia mkono usiingie. Ya watoto unazuia kichwa kisitoke. Sasa hiyo yako, kinachokuja ni kitu gani?"

Sikuwa na jibu.

Kinachokuja

Nikaanza kuulizia, na nikagundua kwamba "vita vya kale" ni jina moja la michezo isiyofanana.

Wapo wanaopigana kwa henzirani. Chama chao kilianzia Berkeley, California, mwaka 1966, kwenye sherehe ya uwani, na leo kina wanachama hadi huku Uingereza. Silaha zao ni fimbo nene za henzirani zilizozungushiwa utepe, na kichwa ni shabaha halali. Wanapiga kweli. Kwa hiyo kanuni zao za chapeo hazina mchezo: bati lisiwe jembamba kuliko geji 16, yaani milimita 1.6 hivi. Kinga ya uso ishuke angalau inchi 1 chini ya kidevu. Na pasiwe na uwazi wowote usoni unaoruhusu mti wa duara wa inchi 1 kuingia. Kile kijiti changu nilikitoa kwao. Kabla ya mapambano watu wazima wanasimama mbele ya mkaguzi, naye anawachokoa uso mzima kwa kijiti kama hicho.

Henzirani nayo haikuchaguliwa ovyo. Wengi wetu tuliijua kwa matako yetu, madrasa na shuleni, kwa hiyo mnakumbuka inavyozeeka: inachakaa ncha, inatoka nyuzinyuzi, lakini haivunjiki vipande vyenye makali. Hilo ni jambo kubwa mbele ya jicho la mtu, na nitalirudia.

Wapo wa buhurt. Hao ni chuma kwa chuma, panga zisizo na makali lakini zenye uzito wake, timu kwa timu ndani ya uzio, na aliyeanguka ametoka. Mashindano yao makubwa ya mataifa yalianza Ukraine mwaka 2010. Uso wameufunga wote, umebaki mwanya mwembamba wa macho, na kuchoma kwa ncha ni marufuku. Mwanzoni nilidhani usalama wa macho yao uko kwenye wembamba wa ule mwanya. Nusu yake iko kwenye ile marufuku.

Halafu wapo kina jamaa yangu. Chuma halisi kilichofutwa makali, nguo zilizoshonwa kwa mkono, watazamaji nyuma ya kamba na watoto wenye aiskrimu. Kwa vikundi vingi vya namna hii hapa Uingereza kichwa hakipigwi kabisa. Unalenga bega, kiwiliwili, paja, na mkono unauzuia kabla haujafika. Chapeo kichwani ni kwa ajili ya bahati mbaya, na ya picha.

Nilipofika hapo nikaikumbuka Makunduchi. Kila Julai, kwenye Mwaka Kogwa, wanaume wa pande mbili wanashukiana kwa migomba, matusi na vumbi, na hakuna hata mmoja mwenye kitu usoni. Husemwa zamani zilikuwa fimbo. Aliyeleta mgomba alimaliza kazi ambayo mimi huku naombwa niifanye kwa nondo. Ningempelekea jamaa wazo hilo, ila mgomba Yorkshire hauoti.

Hoja ya wazee wa kikundi

Jamaa alikuwa ameshaniambia kwamba wazee wa kikundi chake hawataki. Hoja yao ni moja: hakuna ushahidi. Chapeo iliyoigwa ni ile iliyochimbuliwa mwaka 1943 kwenye shamba la Gjermundbu huko Norway, ikiwa vipande vipande, na leo iko Oslo. Ina miwani ya chuma. Haina kitu mdomoni. Ukiweka grili, wanasema, umetengeneza kitu ambacho hakijawahi kuwepo.

Ni hoja nzito kuliko inavyosikika. Hawa watu wanabishana kuhusu rangi ya uzi wa pindo la kanzu. Ukiwaruhusia nondo usoni, kesho nani atamkataza mtu viatu vya dukani?

Nikaenda York kuangalia chuma chenyewe. Pale Yorkshire Museum ipo chapeo iliyopatikana mtaa wa Coppergate mwaka 1982, mtambo wa kuchimba ulipoigonga. Ni ya karne ya 8. Ina bamba refu la pua, vipande vya mashavu vyenye bawaba, na nyuma ya shingo pazia la vipete vya chuma vilivyosukwa. Nilisimama mbele ya kioo mpaka mlinzi akaanza kunitazama. Bawaba zile ni kazi ya mtu anayejua. Na kabla yake, mwanzoni mwa karne ya 7, kuna ile chapeo ya Sutton Hoo yenye uso mzima wa chuma, nyusi, pua na masharubu.

Kwa hiyo ufundi wa kufunga uso ulikuwepo. Aliyeifua chapeo ya Coppergate aliuacha mdomo wazi kwa kutaka.

Kwa nini? Mimi nasoma hivi: mtu vitani anapumua kwa mdomo, anapiga kelele kwa mdomo, na anajulikana kwa uso. Kile kitambaa cha Bayeux kilichotariziwa hadithi ya vita vya Hastings vya 1066 kina picha ya William, kiongozi wa Wanormani, amesukuma chapeo yake nyuma ili askari wake wamwone, kwa sababu ulikuwa umezuka uvumi kwamba ameuawa. Na chapeo ya Wanormani ilikuwa na bamba la pua tu! Hilo bamba moja lilitosha kumpoteza mfalme mtarajiwa katikati ya watu wake.

Lakini uso wazi una bei yake, na bei hiyo imezikwa karibu na ninapoishi.

Tarehe 29 Machi 1461, Jumapili ya Matawi, huku theluji ikianguka, Waingereza waliuana wao kwa wao pale Towton. Mwaka 1996 wajenzi waliochimba hapo walikutana na kaburi la pamoja. Mifupa ilichunguzwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Bradford, na majeraha mengi yalikuwa ya kichwa na uso. Wapo wataalamu wanaofikiri kwamba wengi wao chapeo zilikuwa zimeshawatoka, au wamezivua wakikimbia. Mmoja wao alikuwa na jeraha la zamani la taya lililopona. Alishawahi kupigwa usoni, akauguza, akapona, akarudi vitani, akafa Towton.

Na mwana wa mfalme, Henry, aliyekuja kuwa Henry wa Tano, alichomwa mshale usoni pale Shrewsbury mwaka 1403 akiwa na miaka 16. Kichwa cha mshale kilibaki ndani, inchi 6 hivi. Tabibu aitwaye John Bradmore alitengeneza chombo maalumu chenye skrubu, akaliosha na kulipanua jeraha kwa asali siku baada ya siku, akakitoa. Naomba mtulie hapo kidogo: chombo cha kuingia ndani ya fuvu la mtoto wa mfalme, kimebuniwa na mtu mwenye nyundo na tupa, miaka 600 iliyopita. Nikiwa fundi, huyo ndiye shujaa wangu wa vita vile vyote.

Kisha kuna aliyekuwa amefunga uso na bado hakupona. Henri wa Pili wa Ufaransa, mwaka 1559, Paris, kwenye mchezo wa kushindana kwa mikuki juu ya farasi. Mkuki wa Gabriel de Montgomery ulivunjika, kibanzi kikapenya kwenye uwazi wa kinga ya uso, karibu na jicho. Mfalme aliteseka siku 10 akafa, na mabingwa wa tiba wa zama zile wamemzunguka kitanda.

Mti uliovunjika vibanzi. Ndiyo sababu nimeisifu henzirani.

Macho ya mwenzako

Nilikuwa bado sijaanza kukata chuma nilipoongea na mama mmoja anayeongoza mstari wa mikuki kwenye kikundi kile. Ni mwanamke wa makamo, sauti yake inafika ng'ambo ya uwanja bila kipaza sauti. Nilitegemea atanipa hoja ya ushahidi. Akanipa nyingine kabisa.

"Mimi namtazama usoni," akasema. "Mdomo na macho. Nikiona ameogopa, au hajaniona nikija, mkono wangu unalegea wenyewe. Ukimfunika, namtazama nani?"

Hoja hiyo ilinikalisha siku nyingi.

Uso ulio wazi unamwomba mpinzani adabu. Mtu anayepunga chuma cha zaidi ya kilo moja kuelekea kwa mwenzake anahitaji kuombwa adabu kila dakika, na hakuna kanuni ya karatasi inayoomba vizuri kuliko pua ya mtu. Ukiweka nondo, ombi limefungwa. Anayepiga anaona chuma, na chuma kazi yake kupigwa.

Ndondi wamepita njia hii. Kofia za kinga ziliingia Olimpiki mwaka 1984. Mwaka 2013 chama cha dunia cha ndondi za ridhaa kikaziondoa kwa wanaume, na Rio mwaka 2016 wanaume wakapigana vichwa wazi. Mojawapo ya hoja za walioziondoa ni kwamba kofia inamfanya bondia ajiamini kupita kiasi, akubali ngumi ambazo asingezikubali, na anayepiga naye apige bila breki. Waliopinga wakaonyesha nyusi zilizopasuka. Mabishano hayajaisha, na mimi siyamalizi hapa, ila nilipoyasoma nilimwona yule mama.

Nikawa karibu kumrudishia jamaa chapeo yake ilivyo. Nimshauri avae kinga ya meno ya wacheza raga, aendelee na maisha yake.

Ngao ilipoinuka

Nikaenda kwanza kuwaona mazoezini.

Walipanga mistari miwili, mikuki mbele, kila mkuki unamzidi mwenye nao kwa urefu. Ncha zimefutwa zikawa duara, nene kadiri ya kidole gumba. Walikuwa wanakwenda polepole kwa makusudi, na niseme ukweli, wana nidhamu. Hakuna aliyelenga juu ya kifua.

Kijana mmoja akasukuma mkuki wake kwenye mbavu za mwenzake, chini kabisa, kama alivyofundishwa. Mwenzake akainua ngao kuuzuia, kama alivyofundishwa. Ncha ikagonga ubao, ikaparaza kuelekea juu, ikavuka ukingo wa ngao, ikapita kando ya sikio.

Wote wawili wakasema samahani. Mstari ukaendelea.

Mimi nilibaki pale pale. Hapakuwa na mwenye kosa. Aliyesukuma alimtazama mwenzake usoni, nilimwona. Adabu ilikuwepo, macho yalikuwepo, kanuni ilifuatwa. Makubaliano yao yanaushika mkono, lakini mkuki ukishagonga ngao hauko tena mkononi mwa mtu kwa maana yoyote ya maana. Unakwenda unakoteleza. Na ngao ya duara, ikiinuliwa kwa haraka, inautelezesha juu. Juu kuna uso.

Jibu la Fundi nilikuwa nalo. Kinachokuja ni ncha, inatoka chini, na haimtafuti mtu.

Hoja ya yule mama haikufa. Bado ni kweli kwa upanga, kwa shoka, kwa watu wawili wanaozungukana uwanjani. Lakini kwenye mstari wa mikuki kila mtu anamtazama mmoja na kuchomwa na mwingine, wa pembeni, ambaye hata hamjaonana. Pale uso wako haumwombi mtu kitu.

Kazi yenyewe

Kuanzia hapo mikono ikapata njia.

Jamaa alikuwa amependekeza nikate wavu wa kinyago cha zamani cha mchezo wa vitara, ule wa Olimpiki, niushone ndani ya chapeo. Nikakataa. Wavu ule hupimwa kwa kifaa cha kuchoma cha kilo 12, na umekusudiwa ujiti mwembamba wa chuma unaopinda ukigusa. Hata huko kwao haujatosha siku zote: mwaka 1982, Rome, kwenye mashindano ya dunia, ujiti wa mpinzani wa Vladimir Smirnov ulivunjika, kipande kikapenya kinyago chake, akafa siku chache baadaye. Vinyago na vyuma vya mchezo ule viliboreshwa baada ya hapo. Mkuki unaosukumwa kwa uzito wa mwili na ujiti wa vitara havina undugu.

Bati la matundu lilinivutia zaidi. Ukilipaka rangi nyeusi isiyong'aa, ukiwa mbali kidogo huoni bati, unaona kivuli chini ya miwani. Wazee wa ushahidi wangeweza kulivumilia. Tatizo la bati bapa ni kwamba ncha inakwama kwenye tundu. Haiingii, lakini haitoki. Nguvu yote inamsukuma mtu kichwa nyuma, shingo ndiyo inayolipa. Nondo za wima zina ubaya mwingine: ncha inateleza juu vizuri sana, inafuata nondo mpaka kwenye jicho.

Nikalikunja bati katikati, mkunjo utokeze mbele, pande mbili zirudi kwenye mashavu. Ncha ikigusa inakwenda kando, kushoto au kulia, inatoka. Nikadhani nimegundua kitu. Kumbe chapeo za karne ya 14 zenye pua ndefu ya mbwa zilifanya hilo hilo, na Royal Armouries ya Leeds wanazo za kutazamwa bure. Nilifurahi, sikuona aibu. Fundi mwenzangu wa miaka 600 iliyopita alikutana na ncha ile ile.

Sehemu ya chini nikaishusha ipite kidevu, kwa kipimo cha wale wa henzirani, kisha nikamwambia jamaa avae, apige ukelele wa vita kwa sauti yake yote. Taya likishuka linakuja mbele kuliko unavyodhani. Nafasi kati ya chuma na uso lazima ipimwe mdomo ukiwa wazi. Vidole viwili ndiyo niliyoikubali.

Kuunganisha ndiko kwenye hila. Bakuli la chapeo yake ni chuma cha springi kilichopitishwa motoni kikapozwa kwa mpango. Ukichomelea hapo, kando ya mshono panabaki ukanda mwembamba ulioharibika, mgumu na mwepesi kukatika, na kwa macho huuoni. Utaukuta siku ya pigo. Kwa hiyo fremu nikaichomelea pembeni kwa chuma laini, nikaja kuifunga kwenye chapeo kwa ribiti na bawaba mbili zenye pini. Pini zinachomoka kwa vidole. Mtu akianguka, wa huduma ya kwanza asitafute bisibisi.

Kwa mafundi mnaonisoma: wavu na mabati yanayouzwa madukani mengi yamepakwa zinki. Mnajua moshi wake, ule utamu mdomoni, halafu homa usiku. Maziwa tuliyokuwa tunakunywa Mwanakwerekwe hayasaidii kitu. Kwangua zinki yote kabla, au nunua chuma kitupu, na fungua milango.

Kitu ambacho sikukitarajia ni mkanda wa kidevu. Chapeo isiyo na grili ikigongwa, inagongwa kwenye bakuli. Ukishaweka chuma mbele ya kidevu umeipa silaha mahali pa kushika, mbali na katikati ya kichwa, na pigo dogo pale linaibinua chapeo nzima kwenda nyuma. Mkanda wake mmoja wa chini haukuweza. Nikamwekea wa pointi nne, miwili ikivuta kutoka nyuma ya masikio, na sponji ngumu ndani ikabadilishwa. Kwa kweli mkanda ulichukua muda kuliko grili.

Na matundu ya macho, ambako kijiti kilipita? Nikaweka nondo moja fupi ya wima katikati ya kila tundu, unene wa milimita 5. Alilalamika kabla hajavaa. Alipovaa akanyamaza. Kitu chembamba kikiwa karibu hivyo na jicho kinafifia, na jicho la pili linajaza kilichozibwa. Kijiti sasa hakipiti.

Walivyoamua

Kikundi kiligawanyika, kama nilivyotegemea. Mzee mmoja alisema jamaa amekuwa roboti. Vijana wa mstari wa mbele wakamzunguka kuuliza bei.

Yule mama alisikiliza wote, akatoa uamuzi ambao mpaka leo naukubali nusu. Kwenye mstari wa mikuki, wavae wote au asivae yeyote, kwa sababu ukimvisha mmoja katikati ya walio wazi, ndiye atakayelengwa bila breki, na mikono iliyozoea kumlenga yeye itasahau kurudi chini kwa mwenzake. Kwenye mapambano ya wawili wawili, pini zichomolewe, uso ubaki wazi. Mazoezini kila mtu avae anachotaka.

Sehemu ya wawili wawili ananishawishi. Hapo kutazamana kunafanya kazi, nimeona.

"Wote au asivae yeyote" inanisumbua. Maana yake asiye na hela ya grili ndiye anayeamua uso wa kila mtu. Nilimwambia hivyo. Akaniambia basi nishushe bei. Tulicheka, lakini hakuwa anatania, na nikashusha kwa wale wanaokuja na chuma chao na kushika grenda wenyewe. Mpaka sasa mstari wao bado hauvai, kwa sababu hawajatimia. Jamaa anavaa mazoezini tu, na kwenye maonyesho anasimama uso wazi na wenzake, chapeo ikiwa na vitundu viwili vya pini pembeni ambavyo wazee wanajifanya hawavioni.

Kuna mtu wa kikundi kingine amenipigia juzi. Kwao wanapigwa mishale yenye vichwa vya mpira, kutoka mbali, na yeye ana kofia pana ya chuma ya karne ya 13 isiyo na chochote mbele. Akataka kujua aniletee lini.

Nimemwambia alete mshale kwanza.